Kisima cha Mpolwe na Jumatano Yake

Huyu ni Silvana Mwanakulya, binti wa Gaudensi, mjukuu wa Nestory mfua chuma. Nestory alifua majembe yaliyolima nusu ya uwanda huu wa Ufipa, kwa chuma alichokiyeyusha mwenyewe katika tanuru la udongo refu kuliko mtu. Gofu lake bado lipo, mbuzi hulipanda. Gaudensi mwanawe hakuupenda moto, alipenda maji. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, ulezi ulipoungua mashambani na kijito kikabaki mchanga, yeye ndiye aliyechimba kisima cha Mpolwe. Alichimba siku arobaini na tatu. Jenifa mkewe aliuvuta udongo juu kwa ndoo, na Silvana, aliyekuwa na miaka minane, alipewa kazi ya kuweka kijiwe kimoja kando kwa kila ndoo iliyopanda. Siku maji yalipotoka vijiwe vilikuwa elfu mbili mia moja na sita. Hakuna aliyemwambia arudie kuhesabu, lakini alirudia.

Mwenyewe Silvana alisoma mpaka darasa la nne misheni ya Kaengesa, akaolewa, akazaa sita, akazika mume na watoto wawili, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma kwa mahindi ya mikono yake. Ndiye mwanamke wa kwanza kuketi kwenye kamati ya maji ya kijiji, enzi zile maji yalikuwa ya wanaume kikaoni na ya wanawake kichwani. Lakini watu wa Mpolwe wakimtaja hawaanzii huko. Wanaanzia kwenye kamba.

Kamba yenyewe ni ya katani. Imebadilishwa mara tano tangu enzi za Gaudensi, ila kijiti cha kupimia mafundo ni kile kile, kipande cha mninga chenye urefu wa mkono wa Gaudensi, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kila urefu wa kijiti, fundo moja. Mwishoni kuna kopo la bati lenye jiwe ndani. Kila siku saa kumi alasiri, wanawake wakishamaliza kuteka, Silvana huiloweka kamba kwenye ndoo kwa muda wa Salamu Maria kumi, polepole, bila kumeza maneno. Kisha huishusha. Kopo likigonga maji hulia, naye huibana kamba kwa vidole pale ilipogusa ukingo, anaivuta juu akihesabu. Halafu anaandika daftarini: mafundo kumi. Mafundo kumi na nusu. Alianza kuandika mwaka 1981, baba yake alipofariki, na yamekwisha madaftari ishirini na kitu, yote yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Siku moja tu hapimi. Jenifa mama yake aliweka sheria, na wanawake wa Mpolwe wameishika kuliko sheria ya serikali: tangu jua linapotua Jumamosi mpaka Jumatatu alfajiri, ndoo haishuki kisimani. "Kisima nacho ni kiumbe," alikuwa akisema Jenifa. "Nacho kichoke, nacho kipumzike." Kwa hiyo Jumamosi watu hubeba maji mara mbili, na Jumapili kisima hulala. Silvana siku hiyo huandika msalaba mdogo daftarini na kufunga.

Basi mwaka 2013, barabara ya lami ya kutoka Tunduma ilipokuwa ikijengwa, ikaja kampuni kuchimba kokoto kwenye kilima kilicho juu ya kijiji. Watu walifurahi, tusidanganyane. Vijana walipata kazi. Asnath, binti wa mwisho wa Silvana, alijenga banda la mabati langoni akawa mama lishe wa madereva wa tipa: ugali, maharage, kisamvu, na nyama siku ya mshahara. Shule ilimwagiwa kokoto za bure. Baruti ikipigwa, kuku walizirai siku za mwanzo; baadaye hata kuku walizoea.

Taabu ilianza 2019. Shimo lilishuka mpaka likakuta maji. Kampuni ikaweka pampu, ikayavuta maji yale na kuyatupa kwa bomba kwenye korongo la chini ya kijiji, mahali ambapo hayamfai mtu wala mche. Na daftari la Silvana likaanza kusema mambo mengine. Zamani, mwezi wa kumi, mwisho wa kiangazi, maji yalikuwa mafundo kumi kutoka ukingoni. Mwaka ule yakawa kumi na mawili. Mwaka 2021, kumi na manne. Mwaka 2022, kumi na tano. Na kisima chote, kutoka ukingo mpaka mwamba, ni mafundo kumi na tisa. Silvana hakuhitaji darasa la tano kuitoa hesabu hiyo.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kijiji. Kampuni iliomba kibali cha kushusha shimo ngazi moja zaidi.

Meneja wa machimbo alikuwa Shija, Msukuma mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyezoea kuwatania Wafipa kwamba hutuma radi. Alifika na Maximilian, kijana mtaalamu wa mazingira, mzaliwa wa Mazwi kule mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kupima maji ya kisima na ya kijito kwa niaba ya kampuni. Maximilian alibandika karatasi kubwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Palikuwa na mstari wa bluu umelala kama nyoka aliyeshiba.

"Huu ndio usawa wa maji ya kisima chenu," alisema. "Miaka miwili sasa ni mita tano na kidogo. Haujashuka. Maji yako salama, wazee wangu."

Watu wakapiga makofi. Silvana akasimama na daftari.

"Ijumaa iliyopita," akasoma, "mafundo kumi na tano. Alhamisi, kumi na manne na nusu. Jumatano, kumi na manne na nusu. Mita tano ni mafundo kumi na moja. Huyu mtoto amepima kisima cha wapi?"

Kicheko kikazagaa. Shija akainua mikono juu kama mtu aliyetishiwa bunduki. "Bibi, tafadhali, usinitumie radi! Mimi nina watoto wadogo Shinyanga."

"Radi huja na mvua, mwanangu," Silvana akamjibu. "Ningekuwa nayo ningeipiga kisimani, si kwako. Wewe una maji gani?"

Watu wakacheka zaidi, lakini sasa upande wake. Maximilian hakucheka. Alisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuuma Silvana: "Bibi, shikamoo. Kamba ya katani si kipimo. Ikilowa hufupika, ikikauka hurefuka. Sisi tuna tepu ya kisasa, ikigusa maji inalia yenyewe. Huenda umri nao…"

Neno lilikwisha kutoka.

Mwenyekiti wa kijiji, Flavian, mtu wa kupenda amani hata pale isipohitajika, aliona amalize. "Mama Silvana tunamheshimu. Lakini grafu ni grafu. Mtu wa ofisi ya maji ya bonde atakuja Alhamisi ya wiki mbili zijazo. Akikubali, kijiji tunasaini."

Silvana aliketi. Katika maisha yake alikwisha kuitwa mkaidi, mchoyo wa ndoo, hata mchawi mara moja na mke wa mtu aliyekuwa na wivu. Mwongo hakuwahi kuitwa. Na sasa, mbele ya kijiji kizima, daftari la miaka arobaini na moja lilikuwa limewekwa upande wa uongo, tena bila mtu kulitaja neno lenyewe. Zilibaki wiki mbili. Ngazi moja zaidi, na kisima cha Gaudensi kingekuwa shimo la kutupia taka.

Asnath alimfuata nyumbani, bado amevaa aproni.

"Mama, unataka wafunge machimbo? Mimi watoto wangu watakula madaftari?"

"Nimesema wafunge?"

"Umemwaibisha yule kaka. Si mtu mbaya. Tena hata hali kwangu, maskini, kila anapokuja hukuta jiko limelala."

Silvana alikuwa anafunua maharage. Mkono ukasimama. "Limelala kwa nini?"

"Si anakuja Jumapili. Jumapili nampikia nani, na magari hayapo? Anasema siku hiyo hakuna foleni ya ndoo, hakuna vumbi, anapima kwa raha ninyi mkiwa kanisani."

Silvana alikifunika chungu, akaingia ndani, akalivuta sanduku. Asnath alimkuta amepiga magoti, madaftari yametandazwa kitandani, kidole chake kinashuka kwenye ukurasa. Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi, namba. Jumapili, msalaba. Msalaba, msalaba, msalaba. Miaka arobaini na moja ya misalaba.

"Na pampu?" akauliza bila kugeuka. "Pampu yao huzimwa lini?"

"Jumamosi mchana, mafundi wanapoondoka. Wanaiwasha Jumatatu asubuhi."

Silvana akakaa sakafuni. Miaka mitatu aliona kwamba Jumatatu jioni maji huwa juu kuliko Jumamosi, na miaka mitatu alijisifu moyoni kuwa ni baraka ya sheria ya mama yake: kisima kimepumzika, Mungu amekijaza. Kumbe haikuwa mapumziko ya ndoo tu. Pampu nayo ilikuwa imelala. Yeye alipima siku zote isipokuwa ile moja, na yule kijana alipima ile moja isipokuwa siku zote. Hakuna aliyesema uongo. Walikuwa kama watu wawili wanaolinda shamba moja kwa zamu wasizoambiana, mmoja anaapa nyani hawapo, mwingine anaapa wapo.

"Asnath," akasema, "Jumapili siendi kanisani."

Asnath alifikiri mama yake ameugua.

Jumapili ile saa tatu asubuhi, kengele ya kigango ikiwa imekwisha kulia, Maximilian alifika kisimani na pikipiki yake akamkuta bibi ameketi kwenye ukingo, kamba imo ndooni, midomo inacheza. Alizima pikipiki. Kidogo aiwashe tena.

"Shikamoo, bibi."

Silvana aliinua kidole angoje. Alikuwa kwenye Salamu Maria ya nane. Alipomaliza ya kumi akasema, "Marahaba. Kumbe ndiwe unayekiamsha kisima cha watu siku ya Bwana."

"Bibi, mimi sikujua kuna sheria…"

"Sasa unajua. Na mimi leo naivunja pamoja nawe, kwa hiyo tukichomwa tutachomwa wawili. Lete hiyo tepu yako inayolia."

"Na kamba umeilowesha?" Maximilian aliitazama ndoo kama mtu aliyeona nyayo zake mwenyewe mahali asipokumbuka kupita.

"Ulifikiri naishusha kavu? Mafundo haya yalifungwa kamba ikiwa imelowa, na hupimwa ikiwa imelowa. Baba yangu hakwenda shule hata siku moja, lakini hakuwa mjinga wa kamba."

Aliishusha. Kopo kulia kwenye maji ya Jumapili ni jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu mama yake aweke sheria. Akavuta, akihesabu kwa sauti. Kumi na moja kamili. Maximilian naye akashusha tepu. Ikalia: mita tano na sentimita sita. Akakiomba kijiti cha mninga, akakipima: sentimita arobaini na sita. Akazidisha kwenye simu. Akazidisha tena.

"Ni zile zile," akasema taratibu. "Bibi, kamba yako na tepu yangu zinasema neno moja."

"Sasa soma na haya." Akampa daftari.

Kijana alisoma amesimama, kisha akasoma ameketi chini, suruali yake ya kanisani vumbini. Alifungua la mwaka huu, akafungua la mwaka 1994, akafungua lile la kwanza lenye mwandiko wa herufi zilizoegemeana. Hatimaye akasema, "Chuo tulifundishwa kupima maji yakiwa yametulia. Ndiyo maana nilichagua Jumapili. Sikuuliza nani ameyatuliza."

Hapo Silvana alianza kumpenda, lakini hakumwonyesha.

"Ila meneja atasema ni ndoo zenu," Maximilian akaendelea. "Atasema Ijumaa maji yameshuka kwa sababu mmeteka wiki nzima. Nitamjibu nini?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Silvana alilitafuna mpaka waumini walipoanza kutoka kanisani na kushuka njia ya kisimani. Wa kwanza kumwona alikuwa Rozina, rika lake, waliyeanza naye darasa la kwanza siku moja na kugombana naye tangu siku ya pili.

"Yesu na Maria! Silvana! Kamba kisimani Jumapili? Ile sheria uliyonipigia kelele mwaka jana kwa kikombe kimoja, kikombe kimoja cha mgonjwa, leo imekufa?"

"Haijafa. Imeazimwa," Silvana akasema, akasimama. Wanawake walikuwa wamekusanyika sasa, vitenge vya Jumapili, watoto mgongoni. "Sikilizeni. Leo nimekivunjia kisima Jumapili yake, na deni hilo ni langu. Nataka nikilipe. Nawaomba kisima kipewe Jumatano. Tangu Jumanne jua likitua mpaka Alhamisi asubuhi mtu wa bonde atakapofika, ndoo isishuke hata moja. Huku pampu ya machimbo inaunguruma kama kawaida. Maji yakipanda, mimi ni mzee niliyechanganyikiwa na mtanipeleka kwa watoto wangu Kizwite nikakae kibarazani. Yasipopanda, mtajua ni nani anayekunywa maji yenu."

Wanawake wakatazamana.

"Jumatano hiyo?" Rozina akauliza kwa sauti nyembamba. "Wiki ijayo? Silvana, mimi nimekwisha kuotesha ulezi wa pombe ya ndoa ya mjukuu wangu! Jumatano ndiyo siku ya kupika! Unajua pombe ya ndoa inakunywa maji ndoo ngapi?"

"Najua. Nilikupikia ya kwako."

"Na ilikuwa chachu!"

"Ilikuwa chachu kwa sababu ulikataa kungoja. Sasa ngoja."

Wakacheka, na Rozina akashindwa kujizuia akacheka nao. Kisha akasema kwa kunung'unika kwamba ataubeba ulezi wake mpaka kwa dada yake, apikie huko, na Silvana atabeba kuni. Ndivyo ilivyokuwa. Kama Rozina amekubali, nani angekataa?

Jumatano ile ndipo Asnath alipoonekana ni mtoto wa nani. Alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Lakini asubuhi wanawake walipopita walimkuta ameketi kwenye ukingo wa kisima na mwiko mkubwa wa ugali mapajani. Jiko lake langoni alikuwa amelifunga, siku nzuri ya biashara. Saa saba madereva wawili wa tipa walishuka wakitafuta chakula, na angalau maji ya kunywa.

"Dada, vipi leo? Mambo?"

"Poa. Hakuna kupika, hakuna kuteka. Kisima kiko Jumapili."

"Leo Jumatano, dada."

"Kwako Jumatano. Kwake Jumapili. Ukigusa ndoo hiyo utakula mwiko huu, tena bila maharage."

Wakarudi juu wakicheka, wakamwambia Shija, na Shija akashuka mwenyewe kuangalia. Alisimama mbali kidogo, mikono kiunoni, akitazama kisima kisicho na mtu na ndoo zilizopinduliwa zikiwa zimepangwa mstari. Huko juu pampu yake ilikuwa inaunguruma.

Alhamisi asubuhi alifika Jane, ofisa wa bonde, mwanamke mfupi mwenye buti na kofia ya mabua. Kijiji kizima kilikuwepo, hata Flavian alikuwa amevaa koti. Maximilian akashusha tepu mwenyewe, akasoma kwa sauti bila kumwangalia mtu usoni: "Mita sita na sentimita tisini." Silvana akavuta kamba yake: mafundo kumi na tano, yale yale ya Jumanne alasiri. Mchana mzima na usiku mbili bila ndoo moja, na maji hayajapanda hata kidole.

"Pampu izimwe," Jane akasema. "Tuone."

Shija alikuwa na haki ya kubisha, na wengi walingoja abishe. Alitoa redio kiunoni akasema neno moja, na ule mngurumo uliokuwa masikioni mwa Mpolwe siku za kazi kwa miaka mitatu ukakatika. Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kuusikia ukikoma Alhamisi. Njiwa walisikika. Wanawake walirudi kuteka kama kawaida, na wakateka sana, maana nyumba zilikuwa kavu. Pamoja na hayo yote, Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamepanda mpaka fundo la kumi na mbili na nusu.

"Bibi," Shija akasema mbele ya watu, "mimi ni mchimba mawe, si mwizi wa maji. Sikuona."

"Hukuangalia siku ya kazi," Silvana akamjibu. "Hata mimi sikuangalia siku ya mapumziko. Tumekosa sawa."

Kibali cha ngazi mpya hakikutolewa. Kampuni iliambiwa ichimbe kwa upana upande wa magharibi, na maji ya shimo yasitupwe tena korongoni. Ilichimbwa mifereji na mabwawa mawili ya kutuliza tope, juu ya kijiji, ili maji yaliyotolewa kilimani yarudi kilimani na kunyonywa na ardhi. Hakuna aliyepoteza kazi isipokuwa mlinzi mmoja wa bomba la korongoni, naye akapewa kulinda mabwawa. Si kila kitu kilinyooka. Silvana ana chupa za soda dirishani, moja ya maji ya kijito cha juu ya machimbo na moja ya chini. Huziacha zitulie siku moja, kisha hupima tope kwa kidole. Mpaka leo, siku ya pili baada ya baruti, chupa ya chini bado ina tope la nusu kidole, na Maximilian akija husimamishwa mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

Lakini mwezi wa kumi wa mwaka 2023, kiangazi kikiwa kimekaza, siku ya Ijumaa, pampu ikiunguruma, maji yalikuwa fundo la kumi na mbili. Silvana aliandika, akatia mstari chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha alijaribu kusimama kutoka ukingoni na goti la kushoto likakataa. Asnath, aliyekuwa amekuja kuchukua maji ya jikoni, alimshika kwapani, akamwinua.

Akampeleka nyumbani. Kesho yake, kabla ya saa kumi, alirudi kumjulia hali. Silvana akaketi kibarazani, akaivuta kamba begani, akakitoa kijiti cha mninga mfukoni, akaviweka vyote viwili kwenye mapaja ya binti yake juu ya aproni yenye madoa ya maharage.

"Mama, mimi nina jiko."

"Jiko lako liko hatua mia mbili kutoka kisimani. Mimi niko mia tisa. Nimezihesabu."

Asnath akaishika kamba kama mtu anayepewa mtoto wa mwingine. "Kila siku?"

"Kila siku saa kumi. Madereva watakuwa wameshiba. Ijumaa mtapima na Maximilian pamoja, na Jumapili pia, yeye na tepu, wewe na kamba."

"Jumapili? Na sheria ya bibi Jenifa?"

Silvana akatazama upande wa kilima, ambako vumbi jeupe lilikuwa likitua taratibu juu ya matuta ya ulezi. "Ndoo isishuke. Kopo lishuke. Mama angekuwepo ningemwomba ruhusa. Hayupo, kwa hiyo nakupa mimi. Msalaba uendelee kuuandika, ila na namba kando yake."

Asnath akaanza kuikunja kamba, mkunjo juu ya mkunjo, na ilikuwa kavu, ngumu, ikitoa nyuzi. Akainuka, akaelekea moja kwa moja njia ya kisimani, maana ilikuwa bado saa kumi kasoro na alitaka kujaribu.

"Wewe!" Silvana akamwita. "Hivyo hivyo kavu? Itarefuka, mafundo yatapungua, nawe utakuja kuniambia maji yako karibu. Chukua ndoo. Iloweshe kwanza, Salamu Maria kumi, na usizikimbize."